Re: Vifaa vya bangili za vipete, Nairobi

Dada, umeuliza utapata wapi vifaa vya kusuka bangili za vipete, yaani pete ndogo za waya zilizoshikana kama mnyororo, bila kuagiza ng'ambo. Anza na shaba. Ingia duka la vifaa vya umeme River Road, ununue mita chache za waya wa umeme wa nyumba wa 1.5 (milimita mraba), ule wa uzi mmoja, kisha uchune plastiki. Shaba yake ina unene wa karibu milimita 1.4. Izungushe kwenye msumari mnene wa milimita 6, ikae kama springi. Gawanya upana wa ndani wa springi hiyo, yaani 6, kwa unene wa waya, upate 4 na kidogo: hapo ule ususi wa kipete kimoja kupita ndani ya vinne hukaa vizuri, haubani wala haulegei.

Kata springi hiyo iwe vipete kwa msumeno mwembamba wa sonara, si kwa koleo la kukatia. Koleo huacha ncha zilizochongoka, na zitakwaruza ngozi na kunasa sweta. Koleo za kufungia vipete unahitaji mbili, zisizo na meno. Zenye meno zifunge plasta mdomoni.

Ule waya mweusi wa kufungia nondo usiuguse, hata ukipewa bure. Unashika kutu.