Bunduki ya .375 inanipiga bega: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, nina .375 H&H Magnum, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, yenye ubao wa mbao, kilo 4.1 pamoja na darubini. Nikipiga nikiwa mezani, risasi tatu zinasambaa sentimita 12 kwa mita 100, na ya tatu huwa nafumba macho kabla haijatoka. Fundi ananishauri niweke breki, kile kifaa chenye matundu cha kupunguza pigo, kwenye mdomo wa mtutu. Nikubali? – Msomaji, Arusha

JIBU: Subiri kwanza, ndugu. Hiyo risasi ya tatu imetuambia mengi: bega limeshaanza kuogopa, na jicho linalofumba halilengi kitu. Breki iwe dawa ya mwisho.

Risasi ya greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka kwa kama mita 770 kwa sekunde. Kwa bunduki ya kilo 4.1, kinachorudi begani ni takriban jouli 55; bunduki ya kawaida ya kuwindia, .30-06, haifiki 30. Ukiongeza nusu kilo, jouli hizo zinashuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Toboa ubao nyuma ya kitako, ujaze gololi za madini ya risasi zilizoshikwa kwa epoksi (gundi ngumu) zisicheze, na nyingine uziweke mbele chini ya mtutu ili bunduki isiegemee nyuma. Tundu liishie mbali na shingo ya ubao, maana hapo ndipo magnum hupasulia mbao.

Kisha badili raba ya kitako. Iliyokaa miaka mingi huwa ngumu kama tairi. Weka laini ya milimita 25, na kama ni nene kuliko ya zamani, kata ubao kwa tofauti hiyo. Kitako kikiwa ndefu kupita mkono wako, hakitulii begani.

Sasa tazama chuma kilivyolala ndani ya mbao. Wengi hupuuza hapa. Chini ya mtutu, karibu na chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), kuna jino linalopokea pigo lote. Likiwa na nafasi kwa nyuma, chuma hugonga mbao kila mlio, risasi husambaa, na mwisho mbao hupasuka. Shika maungio ya mtutu na ubao kwa vidole, ulegeze parafujo ya mbele: ukihisi chuma kinasogea, hakijalala vizuri. Dawa yake ni epoksi ndani ya mbao, pale jino linapokaa. Uso wa nyuma wa jino uguse kikamilifu. Mbele, pembeni na chini bandika utepe ili pabaki upenyo. Paka chuma nta ya viatu kisigande, acha saa 24, kisha kaza parafujo kwa nyutoni-mita 4 hadi 5. Karatasi ipite kati ya mtutu na ubao bila kukwama.

Breki hupunguza pigo kwa asilimia 30 hadi 50, hilo ni kweli. Lakini gesi hutupwa pembeni, na masikio ya mfuatilia nyayo aliye kando yako ndiyo yanayoumia; wawindaji bingwa wengi hawaitaki. Ukiamua kuiweka, nyuzi za parafujo za kuifungia zichongwe kwa kufuata tundu la mtutu, si uso wake wa nje, na tundu la breki lizidi kipenyo cha risasi kwa nusu milimita. Likienda upande, risasi hugusa breki na shabaha imekwisha. Baada ya kuifunga, linganisha darubini upya.

Mezani, weka mfuko wa mchanga kati ya kitako na bega, jicho liwe sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye darubini, na usizidishe risasi tano. Usiibane bunduki kwenye egemeo lenye vyuma vizito: pigo lote litaishia kwenye mbao. Mwenzako akupakilie, akichanganya risasi bandia bila wewe kujua. Mtutu ukiinama kwenye ile bandia, woga bado upo.

SWALI: Nikitumia risasi nyepesi ya greni 270 je? – Msomaji, Iringa

JIBU: Utapata nafuu ndogo sana, kwa sababu hutoka kwa kasi zaidi, kama mita 820 kwa sekunde. Kwa nyati baki na ya greni 300.