Nitume hela wafyeke matete, au nisitume?

*Maswali ya wasomaji*

Swali: Shikamoo mama. Mimi niko Mbagala, nauza mchele Tandika. Kwetu ni Ifakara, mdogo wangu ndo analima shamba la mzee, ekari sita za mpunga zinaishia mtoni kabisa. Juzi kanipigia anataka nimtumie laki nne wafyeke matete na kuyachoma mpaka kwenye maji, waongeze ekari mbili, anasema hayo matete ndo nyumba ya ndege wanaomaliza mpunga. Sa mwenyekiti wa kijiji kawakataza, eti humo kuna ndege hapatikani pengine popote duniani. Mdogo wangu anasema hayo ni maneno ya wazungu. Huyo ndege yupo kweli au tunatishwa tu? Na hela nitume? – *Msomaji, Mbagala*

Jibu: Marahaba baba. Usitume. Nimeanza na jibu maana najua mdogo wako anasubiri muamala uingie.

Ndege yupo. Ni jamii ya hawa kwera wanaofuma viota vya kuning'inia, dume ni wa njano na usoni ana kinyago cheusi, kitaalamu anaitwa Ploceus burnieri. Alitangazwa rasmi 1990, na alipatikana karibu na kivuko cha Ifakara, pale pale tulipokuwa tunapanga foleni na baiskeli na kuku wetu tukisubiri kuvuka, kumbe juu ya vichwa vyetu kwenye matete kuna kiumbe ambacho dunia nzima haina ila sisi. Anaishi Bonde la Kilombero tu na viota vyake anavitundika kwenye hayohayo matete ya kando ya mto. Halafu 2021 wakatangazwa wengine wawili, wadogo wadogo wa kwenye majani, wa bonde hilohilo. Kwahiyo mwenyekiti wenu hajawatisha, kawaambia ukweli, na mpe pole maana najua anavyosemwa huko kijiweni.

Haya, mpunga. Wanaomaliza mpunga hasa ni kwelea kwelea, hao wanaokuja kama wingu, na hao ni wahamaji wanafuata mbegu ilipo, ukichoma matete yako watalala kwingine na alfajiri wako shambani kama kawaida, umepoteza laki nne na matete umeyapoteza. Na sumu ya kupulizia haichagui, inaua kwelea na inaua na hao ambao hatuna wengine.

Mimi nimekulia bondeni, utoto wangu msimu wa ndege ni dunguni, kwenye kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Mnaamka jua halijatoka, makopo yamefungwa kwenye kamba toka pembe hii mpaka ile, ukivuta yanalia shamba zima, kombeo mkononi na vidonge vya udongo mmefinyanga jana yake vimekauka. Kuamia ndege ni kazi ya kuchosha sijui nikwambieje, ila ni ya wiki chache tu, mpunga ukianza kuwa na maziwa mpaka ukomae. Hiyo laki nne lipa watu wawili watatu wa kuamia, nunua kamba, jengeni dungu zuri lenye kivuli, na ibaki ya kuvunia.

Na kisheria hizo ekari mbili hazipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na hata bila sheria mdogo wako anajua masika Kilombero inapanda mpaka wapi. Matete ndo yameshika huo ukingo.

Nikwambie kitu kinachoniumiza baba. Hela nyingi zinazofyeka bonde zinatoka huku Dar, kwa simu, kwa watu wema kabisa kama wewe wanaosaidia ndugu. Mnatuma bila kuuliza inaenda kukata nini. Sheshe, yule swala wa majini, bonde letu ndo lilikuwa na kundi kubwa kuliko yote Afrika, leo mtoto wa Ifakara unamuonyesha picha. Na hayo maji ndo yanayoenda Rufiji, zaidi ya nusu ya Rufiji inatoka Kilombero, ndo yanazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Taa ya hapo dukani kwako Tandika ina undugu na hayo matete.

Swali: Mama habari, niko Kimara. Bibi yangu ana shamba chini ya milima ya Udzungwa, tembo wameingia mara tatu msimu huu. Wajomba wanataka auze kwa mtu wa Dar anayetaka kuzungushia ukuta. Tufanyeje? – *Mjukuu, Kimara*

Jibu: Salama mwanangu, mpe bibi shikamoo yangu. Kwanza muulizeni serikali ya kijiji kama shamba liko kwenye ushoroba, maana tembo wanapita hapo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere toka enzi za babu zake bibi, na ukuta hautawarudisha, utawasukuma kwa jirani. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi basi ramani iko ofisini, mjomba aende akaione kabla hajashika hela ya mtu.

Pili mizinga ya nyuki. Inatundikwa kuzunguka shamba kama kila mita kumi, imeunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya mizinga inayumba nyuki wanatoka, na tembo pamoja na ukubwa wote ule nyuki anawaogopa. Asali bibi anauza. Wengine wanapaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili, nayo inasaidia ila mvua ikinyesha inabidi kurudia.

Kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa aliyeharibiwa shamba na wanyama, mdai, msione aibu. Kanuni za 2011 ziliweka kati ya elfu 25 na laki moja kwa ekari, kutegemea shamba liko mbali kiasi gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5, na aliyekuwa ndani ya mita 500 alikuwa hapati kitu. Ilikuwa kidogo mno kwa mtu aliyelima kwa jembe la mkono, nalisema wazi na wahusika wasome. Toeni taarifa kijijini mapema, afisa ugani aje apime nyayo zikiwa bado mbichi, pigeni na picha.

Mizinga msinunue mingi kwa mpigo. Anzeni na upande ule wanakoingilia, bibi anaujua.