Kwa Makarani Wapya wa Mizani: Juu ya Kumcha Mungu Kazini

Vijana mnaoanza kazi ya ukarani katika vyama vya msingi vya ushirika vya tumbaku, iwe Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, mtafundishwa mambo mengi katika majuma ya kwanza: namna ya kuandika uzito, namna ya kujaza daftari la pembejeo, namna ya kulinganisha hati za mauzo na marobota yaliyomo ghalani. Mimi nimeifanya kazi hiyo hadi kustaafu, na kanisani nimekuwa mzee kwa muda mrefu vilevile, na ninachotaka kuwaambia hakimo katika mafunzo hayo. Karani asiyemcha Mungu hana kinga ya kutosha dhidi ya dhambi za mizani, hata kama amelelewa vizuri namna gani. Na karani mwaminifu akiacha kumcha Mungu, uaminifu wake wenyewe utamzalia kiburi. Wapo ndugu wanaouliza kama mwamini anapaswa kufanya kazi ya tumbaku hata kidogo. Ni swali la haki, lakini silijibu hapa, kwa kuwa ninayoyasema yanamhusu pia karani wa asali na wa pamba.

Mkulima huleta tumbaku yake baada ya miezi mingi ya kitalu, shamba, bani la kukaushia na kuchambua majani. Alikopeshwa mbolea na dawa, na deni hilo litakatwa katika mauzo kabla yeye hajashika shilingi. Anasimama mbele yako akitazama namba ambazo huenda hawezi kuzisoma, na hata akizisoma hana mizani nyingine ya kuzihakiki. Ukimpunguzia kilo moja katika kila robota ukamwandikia jamaa yako, au ukimwongezea katika daftari mfuko wa mbolea ambao hakuuchukua, hatajua. Atarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba msimu huu haukuwa mzuri, na habari itaishia hapo. Mkaguzi atakuja, naam, lakini mara nyingi mkaguzi hulinganisha karatasi na karatasi, na karatasi zote mbili umeziandika wewe.

Hapo ndipo woga wa wanadamu unapofika mwisho wake. Woga wa kufukuzwa kazi, woga wa aibu mbele ya wazazi, woga wa polisi, vyote hivyo vina nguvu pale tu palipo na uwezekano wa kujulikana. Torati ililiona jambo hili mapema. Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kuweka kikwazo mbele ya kipofu, kisha mara moja inaagiza mtu amche Mungu wake. Tazameni ni akina nani waliotajwa: kiziwi hatasikia alivyolaaniwa, na kipofu hatamwona aliyemwekea kikwazo, kwa hiyo hakuna mlalamikaji wala shahidi, na aliyebaki kumtetea mnyonge ni Mungu peke yake. Sura hiyohiyo, katika mistari ya 35 na 36, inadai mizani za haki. Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Tabora mtakaa nao meza moja, wana sura ya Al-Mutaffifin inayoanza kwa ole juu ya wanaopunja vipimo, na inauliza kama watu hao hawafikirii kwamba watafufuliwa. Nimefanya kazi na Waislamu wacha Mungu ambao ningewaachia funguo za ghala bila wasiwasi, na Wakristo wenzangu kadhaa ambao nisingewaachia hata kalamu.

Msidhani ninasema juu ya kutetemeka kama mtumwa anayengoja fimbo. Anayeogopa adhabu tu hutafuta njia ya kutokamatwa, na akiipata, hofu yake imekwisha. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, na kwa muda huo wote hakula chakula cha liwali, ingawa maliwali waliomtangulia walichukua kwa watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Hakuna ambaye angemshtaki kama angechukua, maana ndivyo ilivyokuwa desturi ya cheo chake. Anasema mwenyewe kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu, na kwa kuwa utumwa wa watu wale ulikuwa mzito. Ninawapa mfano huu kuliko ule wa Yusufu, mnaoufahamu tangu shule ya Jumapili, kwa sababu jaribu mtakalokutana nalo halitakuja likiwa na sura ya dhambi. Litakuja kwa kinywa cha mwenzenu mwenye umri mkubwa, mtu mwema kabisa, akiwaambia kwamba waliokuwapo kabla yenu wote walichukua.

Sasa niseme juu ya kiburi, kwa kuwa vijana hawaonywi juu yake kama wanavyoonywa juu ya wizi. Mkikaa misimu michache bila doa, wakulima wataanza kuomba wapimiwe na ninyi. Viongozi wa chama watawataja katika mkutano mkuu, na mchungaji atawatolea mfano. Taratibu mtaanza kuwatazama makarani wengine kwa jicho la yule Farisayo wa Luka 18, ambaye huenda hakusema uongo hata mmoja aliposimulia kufunga kwake mara mbili kwa juma na zaka zake.

Mfalme Uzia alitawala Yuda miaka 52, tangu alipokuwa na umri wa miaka 16. Alijenga minara, akachimba visima, na Maandiko yanasema alipenda ukulima, sifa ambayo watu wa Unyamwezi hatuwezi kuipita bila kuitazama. Siku alizomtafuta Mungu, alifanikiwa. Alipokuwa na nguvu, moyo wake ukatukuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani. Kosa lake lilikuwa na harufu ya ibada. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80 walipomzuia, alikasirika, na ukoma ukamtokea katika paji la uso akiwa bado ameshika chetezo. Mimi hukaa sana juu ya hasira ile. Mtu anayejua kwamba amesimama mbele za Mungu anaweza kusahihishwa na mtu yeyote, hata na kibarua wa ghalani, kwa kuwa hadhi yake haitegemei kuonekana hana kosa. Lakini aliyemsahau Mungu anaona kila swali kuwa tusi.

Mtauliza uchaji huo unapatikanaje. Kumbukumbu la Torati 17 inamtaka mfalme ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, apate kujifunza kumcha Bwana, na moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Basi ni jambo la kujifunza, tena kila siku, na hata mfalme hakuachiwa alipate kwa kipaji. Someni kabla ya kufungua ghala, hata kama ni mistari michache, na mwombe kwa kuwataja wakulima wa siku hiyo kwa majina kama mnayajua. Ni vigumu kumpunja mtu uliyemwombea asubuhi.

Mzee akileta jogoo siku ya kuamkia soko, msimkatalie kwa ukali, maana hiyo nayo ni dharau. Mpokeeni kwa heshima, mshukuruni, na jogoo aende kwenye jiko la chama aliwe na wote, naye mzee akiwemo. Na mkulima akiomba robota lipimwe upya, lipimeni upya mbele yake na mbele ya wenzake, hata kama mna hakika na uzito wa kwanza na foleni imefika nje ya uzio, wala msimuulize kama anawashuku.