Nimeokoka lakini sina amani: je, Mungu ameniacha?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni dada wa Hombolo, hapa Dodoma. Nimeokoka na ninaimba kwaya. Msimu uliopita shamba letu la zabibu lilipigwa na ugonjwa wa ubwiri, tukavuna kidogo, na hicho kidogo tukakiuza kwa bei ya kutupa. Dawa ya kupulizia niliinunua kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na mpaka leo wananifuata nyumbani. Mume wangu alikwenda machimboni kutafuta riziki; simu yake leo inapatikana, kesho haipatikani. Tangu hapo sina amani. Naamka saa tisa usiku, nataka kuomba, maneno hayatoki. Mtumishi mmoja aliniambia ni madhabahu ya ukoo, nipande mbegu ya laki tatu ili nifunguliwe, na kwamba aliyeniharibia ni mtu wa karibu, bibi mmoja jirani. Mwingine akasema aliyeokoka kweli hawezi kukosa amani, nijichunguze. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Je, Mungu ameniacha? Na je, niache kwaya kwanza, maana naona kama ninaimba unafiki?

JIBU: Amina, dada yangu. Mbukwa, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Mungu hajakuacha. Nalisema hilo kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu mtu anayeamka saa tisa usiku akakosa hata neno la kuomba hana haja ya kuzungushwa.

La pili lina haraka: hiyo laki tatu usiitoe, wala usiikope. Simoni wa Samaria alipowapelekea mitume fedha ili apewe uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Sadaka ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupewa. Haijawahi kuwa ada ya kufunguliwa. Mtumishi anayemwona mama aliyebanwa na mkopo, naye akamtajia kiasi, amejipanga kwenye foleni ya wadai. Naandika hivi kwa uchungu, maana wanaoombwa "mbegu" hizi, yaani sadaka za kufunguliwa, mara nyingi ni walewale ambao ghalani hawana hata debe la mtama.

Na huyo bibi jirani, mwache kabisa. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa maneno yaliyoanza hivihivi, mtu mmoja kunong'onezwa kwamba "ni mtu wa karibu." Vita vya kiroho vipo, sivikani, lakini Paulo anasema wazi kwamba kushindana kwetu "si juu ya damu na nyama" (Waefeso 6:12), na bibi yako huyo ni damu na nyama. Ubwiri ni ugonjwa wa ukungu. Bwana shamba anaujua kwa jina, na dawa yake inauzwa dukani. Kesho ukikutana na bibi huyo kisimani, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia siku zote.

Sasa nije kwenye neno ambalo naona limekuumiza kuliko yote, kwamba aliyeokoka kweli hawezi kukosa amani. Linachoma kwa sababu linafanana na Biblia. Basi tuifungue. Yesu alisema, "Hayo nimewaambieni mpate kuwa na amani ndani yangu. Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo, mimi nimeushinda ulimwengu" (Yohana 16:33). Tazama alilisema lini. Ulikuwa usiku wa kukamatwa kwake, na aliokuwa akiwaambia ni watu ambao mstari mmoja nyuma amewaambia kwamba watatawanyika na kumwacha peke yake. Hakuwaahidi kwamba amani itakuja dhiki ikiondoka. Amezitaja zote mbili kwa pumzi moja, kwa watu walewale, kwa usiku uleule.

Kisha wakavuka kijito cha Kedroni wakaingia bustanini, na huko yeye mwenyewe, aliyetoka kuzungumza habari za amani, "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika." Akawaambia wanafunzi watatu aliowachukua, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa" (Marko 14:33-34). Dada yangu, kama kufadhaika ni ushahidi kwamba mtu hayuko sawa na Mungu, tutasema nini juu ya Bwana wetu pale Gethsemane? Aliyekwambia maneno yale hakufika na fikra zake mpaka hapo. Hata Paulo, ambaye tunamnukuu kila tukitaka kuwatuliza watu kwa ile "amani ya Mungu, ipitayo akili zote," ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba walipofika Makedonia "nje palikuwa na vita, ndani hofu" (2 Wakorintho 7:5). Ndani, anasema. Moyoni mwa mtume.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo mahubiri mengi huyachanganya. Kuna amani yako na Mungu, na kuna utulivu wa moyo wako. Ile ya kwanza ilifanywa kwa damu ya msalaba (Wakolosai 1:20). Haipandi wala haishuki pamoja na bei ya zabibu, na haikusubiri wewe uihisi ndipo iwe kweli. Utulivu ni zawadi njema, uombe, lakini huja na kuondoka hata kwa watakatifu. Usiutumie huo kupima ile ya kwanza. Pale bustanini Yesu hakuwa na utulivu, lakini alikuwa na wa kumwita: "Aba, Baba." Alitetemeka akiwa mbele ya Baba. Na wewe saa tisa usiku, ukiwa umekaa kitandani huna la kusema, upo mbele ya nani? Ungekuwa umeachwa usingekuwa unahangaika kumtafuta.

Juu ya kujichunguza nina neno fupi. Kama ipo dhambi unayoijua, yenye jina na tarehe, iungame, na ukishaiungama imekwisha. Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee (1 Yohana 1:9). Lakini Roho wa Mungu akimwonya mtu humwonyesha jambo lenyewe, ili alitubu apone. Sauti inayokwambia tu kwamba "kuna kitu," bila kukitaja, mpaka unachoka na kujichukia, hiyo ni kazi ya yule ambaye Ufunuo 12:10 inamwita mshitaki wa ndugu zetu. Achana na uchunguzi huo. Marafiki wa Ayubu walimchimba namna hiyohiyo, sura baada ya sura, wakiitafuta dhambi ambayo lazima iwepo. Mwisho Mungu aliwakasirikia wao: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu" (Ayubu 42:7). Na Ayubu alikuwa amesema maneno makali kweli. Alimlalamikia Mungu mpaka akailaani siku aliyozaliwa. Lakini alimlalamikia Mungu mwenyewe, usoni pake. Wale watatu walimzungumza Mungu tu, hawakuzungumza naye.

Najua pia utakuja kuambiwa, kama hujaambiwa tayari, kwamba haya yote ni Baba anakupogoa, kwa sababu Yohana 15 inasema kila tawi lizaalo hulisafisha lizidi kuzaa. Wewe ni mkulima wa zabibu, kwa hiyo nikuulize unalolijua kuliko mimi. Anayepogoa huingia shambani na mkasi mkononi; anajua akate wapi, abakize macho mangapi, na baada ya miezi minne hivi anategemea kuvuna. Ubwiri nao huja tu, hauchagui jicho wala kichane. Vyote viwili vinauacha mzabibu ukiwa duni, lakini hakuna mkulima wa Hombolo anayeuita ubwiri kupogoa. Basi na sisi tusimwite Mungu ubwiri. Yapo majaribu ambayo baadaye mtu huyatazama na kusema, hapa Bwana alinikata ili nizae. Yapo mengine ambayo ni uovu na ugonjwa wa dunia iliyoanguka, na Mungu anayachukia kuliko unavyoyachukia wewe. Mkopeshaji anayekunyonya hakutumwa na Mungu kukufundisha uvumilivu. Hulazimiki kujua leo kila jaribu liko fungu gani. Katika sura hiyohiyo umeagizwa jambo moja, kukaa ndani yake.

Utakaaje na maneno hayatoki? Azima maneno. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na Mungu ndiye aliyeyaweka ndani ya kitabu chake ili tumrudishie. Ukiamka usiku, washa tochi ya simu, usome Zaburi ya 13 kwa sauti ndogo isiyowaamsha watoto: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Ni zaburi ya mistari sita tu. Ukishindwa kuifikia ile mistari ya mwisho yenye matumaini, ishia katikati, kesho uendelee. Ipo hata Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kugeuka. Haina mstari wa kupoza mwishoni, na bado ni Neno la Mungu. Na usiku ambao hata kusoma huwezi, kaa kimya ujue kwamba Roho mwenyewe anakuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26). Mbinguni kuugua kwako kunahesabiwa maombi.

Sisi watu wa Ugogo tungepaswa kuifahamu lugha hii. Wazee wetu walipita katika Mtunya, ile njaa kuu ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikakatika. Watu walikufa kwa maelfu. Ninaposoma Habakuki 3 huwa naona kama iliandikwa upande huu wa nchi: "wala mizabibuni hamtakuwa na matunda... wala vibandani hamtakuwa na makundi ya ng'ombe. Walakini nitamfurahia BWANA." Lakini usiuchukue mstari huo wa mwisho peke yake ukajipiga nao. Habakuki alifika hapo katika sura ya tatu. Sura ya kwanza aliifungua kwa kulia, "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Huenda wewe bado uko sura ya kwanza. Nabii naye alikuwapo huko, na hakukemewa.

Kwaya usiache. Mnafiki huimba asichokitaka ili watu wamsifu. Wewe unaimba kitu unachokililia. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 wengi walishangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi aliomba bila kuhisi uwepo wa Mungu. Aliendelea kuomba na kuwahudumia wanaokufa. Simama na wenzako wa sauti yako. Siku ambayo koo limekaza, wao wataimba na wewe utakuwa umo ndani ya wimbo. Ila mwambie mwalimu wa kwaya hali yako, asije akadhani umelegea.

Nimalizie na mambo ya mwili, ambayo watumishi wengine huyaruka. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, "maana safari hii ni kubwa mno kwako" (1 Wafalme 19:7). Kuamka saa tisa kila usiku, kukosa hamu ya kula, kulia bila sababu mpya, hizo zaweza kuwa dalili za sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Nenda kituo cha afya ueleze yote. Wakikupa rufaa mpaka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, usiogope maneno ya watu. Wanaotibiwa pale ni wagonjwa kama wagonjwa wengine, na Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Usipite siku ukiwaza kufa bila kumwambia mtu. Mawazo hayo yakija, mwamshe mtu usiku huohuo.

Na deni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni na akupe mkataba unaoonyesha riba. Waombe hivyo viwili. Wakikosa kimojawapo, au wakija tena kukutisha au kubeba vyombo, peleka ulichonacho kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na usiende peke yako. Mwombe mzee wa kanisa na mama mmoja wa kwaya wakusindikize. Paulo aliliambia kanisa "mchukuliane mizigo" (Wagalatia 6:2), na deni nalo ni mzigo. Mchungaji wako kama bado hajui, mwambie Jumapili hii baada ya ibada, kabla hajavua kanzu, na umtajie kiasi chote unachodaiwa, pamoja na riba.