Jibu: Kujiwekea muda katika mazoezi ya karata

Ndugu, umeuliza kama ni busara kujipa siku 30 uwe umemudu ule ujanja wa mazingaombwe wa kuinua karata mbili zionekane moja. Naona tarehe ya mwisho inafaa, lakini uiweke kwenye jambo lililo mikononi mwako, yaani dakika za mazoezi ya kila siku, kwa kuwa vidole havifuati kalenda. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa 3 za Jumapili moja.

Kigezo cha kufaulu nacho kiandike waziwazi: usiseme "niijue vizuri", bali "niinue karata mbili mara 20 mfululizo, kingo zikiwa zimelingana, bila kutazama mikono". Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kidole kidogo kinachoshikilia mwanya chini ya karata ya pili hukaza, na mkono mzima huonekana umekakamaa. Jirekodi kwa simu, maana mbele ya kioo mtu hupepesa macho wakati uleule wa siri asijione akikosea.

Ama kuhamisha kwa siri nusu ya chini ya pakiti kwenda juu, hiyo ni kazi ya miezi mingi. Usiifunge kwa tarehe, wala usiwaonyeshe watu mapema.