Bosi, Pili na komeo la banda

Neema mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Jumamosi usiku mbwa wenu Bosi alimuua paka Kidawa pale uani, na asubuhi mkamkuta paka mwenzake, Pili, nyuma ya tenki la maji akiwa na matundu mawili mgongoni. Unataka kujua kama Pili atapona, kama ni kweli mbwa akishaonja damu huwageukia watu, na kama Baba Tumaini ana haki anaposema Bosi auawe. Poleni sana. Naanza na Pili, maana Bosi yuko bandani na anaweza kusubiri.

Umeandika kwamba matundu ni madogo na damu imekata, mkaona mumwache apumzike. Hapo ndipo paka wengi hupotea. Jino la chonge la mbwa wa kilo 28 huingia na kutoka kwenye tundu dogo, lakini mbwa akishashika hutikisa kichwa. Ngozi ya paka imelegea, kwa hiyo inavutwa na kubanduka kwenye nyama, na chini yake unabaki mfuko wenye damu, manyoya na vijidudu vya mdomoni mwa mbwa. Juu ngozi inaziba upesi, ndani usaha unakosa pa kutokea. Jipu huonekana kati ya siku ya pili na ya nne, na leo ni siku ya tatu. Mpeleke leo hii. Uko Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hamko nayo mbali. Mwombe daktari amnyoe manyoya eneo lote la kiwiliwili, kwa sababu chonge za mbwa ni nne: ukiona matundu mawili mgongoni, tafuta mengine mawili ubavuni au tumboni.

Kabla hujatoka, mtazame akiwa ametulia na uhesabu pumzi zake kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Paka aliyepumzika huvuta pumzi 20 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40, au akihema mdomo wazi, huenda kifua kimeumia, na hapo usimpitishe popote, moja kwa moja kwa daktari. Mfunue mdomo: ufizi uwe wa waridi, ukiwa mweupe huenda anavuja damu ndani. Na jambo ambalo watu hawaliangalii, je, amekojoa tangu Jumapili? Kibofu hupasuka anapobanwa tumboni, na paka anaweza kuonekana mzima siku nzima kabla hajazidiwa. Daktari atataka jibu la hilo.

Kama safari itachelewa, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha kufuta si cha kujaza, yapoe, kisha umwagie juu ya vidonda kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiyasukume ndani ya tundu. Usitumie Dettol wala spiriti. Na tafadhali, asiwepo wa kumwonea huruma akampa panadoli. Nusu kidonge kinatosha kumuua paka wa kilo tatu na nusu. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni sumu kwake.

Mbebe kwenye boksi lenye matundu, umemfunga taulo nene hadi shingoni. Paka mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Aking'ata au kuparura mtu, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali ya watu.

Sasa jambo ambalo hukuliandika kabisa, nami limenisumbua: kadi ya chanjo ya Bosi iko wapi? Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza mtoto wa mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Tarehe ikiwa hai, pumua. Ikiwa imepita au kadi haipo, mtazameni kwa makini kupitia wavu: anameza maji? Sauti yake ni ile ile? Anadondosha udenda, anang'ata mbao na mawe, au anawashangaa watu anaowajua? Ukiona lolote kati ya hayo asimguse mtu, lifungeni banda na mpigieni afisa mifugo wa kata. Kama itabidi auawe kwa sababu hiyo, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa maabara. Na wewe uliyemshika Pili kwa mikono mitupu huku manyoya yake yana mate ya mbwa, kama una mchubuko kidoleni, nenda ukawaeleze hospitali hata kama Bosi anaonekana mzima. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina dawa. Sindano za mapema hukizuia. Mbwa anayebaki mzima siku 10 baada ya kung'ata hakuwa na kirusi kwenye mate siku ile, kwa hiyo hesabuni kuanzia Jumamosi, na katika siku hizo asiuzwe, asigawiwe, asiuawe bila daktari.

Hilo la kuonja damu liache. Bosi anakula mabaki ya buchani yenye damu kila wiki na hajamgeukia mtu. Alichokionja Jumamosi ni kukimbiza na kupata. Mbwa anapowinda hukodoa macho, hunyatia, hukimbiza, hushika, hutikisa, na kila hatua ina raha yake hata kama tumbo limeshiba. Ndiyo maana hamkusikia kubweka wala kunguruma mpaka Kidawa alipolia. Mbwa anayegombea bakuli hunguruma kwanza, hung'ata mara moja, huachia. Mbwa mwenye maumivu hung'ata anapoguswa. Bosi alikuwa kimya, kwa hiyo aliwinda, na aliyewinda akafanikiwa atajaribu tena kwa kasi zaidi. Kwa paka asiaminiwe tena maisha yake yote.

Kwa watoto hali ni nyingine. Kumkimbiza kiumbe kidogo kinachotoroka si hasira dhidi ya binadamu. Hata hivyo Ema ana miaka minne, anakimbia na kupiga kelele nyembamba, na mtoto wa umri huo haachwi peke yake na mbwa yeyote, hata yule asiyewahi kugusa kifaranga. Hiyo ilikuwa kanuni kabla ya Jumamosi pia.

Unasema kinachokuuma ni kwamba wameishi pamoja miaka miwili bila ugomvi. Hawakuishi pamoja, mama, walikuwa wakipishana. Bosi hufungwa kutwa, hufunguliwa saa tatu usiku kulinda, na saa hiyo paka huwa wameshaingia kwa dirisha la jiko. Jumamosi mlikuwa na wageni, mvua ikatishia, dirisha likafungwa mapema, na banda likafunguliwa kwa saa yake ya kawaida. Kidawa alirudi akakuta hana pa kuingilia. Ukitaka kujua kilichoharibika, ni hapo.

Kwa hiyo mpango wenu uwe wa milango miwili, kwamba kosa moja peke yake lisitoshe kuua. Paka waingie saa kumi na mbili jioni kwa kulishwa ndani, si kwa kuitwa tu. Paka huja penye chakula. Mtu mmoja, si watoto wala dada wa kazi, ndiye mwenye ufunguo wa banda, na halifungui mpaka amemwona Pili kwa macho. Waya wa kuku mlioweka bandani ubandueni, mbwa wa kilo 28 anaurarua kwa usiku mmoja. Wekeni wavu wa chuma uliochomelewa, urefu wa mita 1.8, na sentimita 30 ziende ardhini kwa sababu atachimba. Komeo liwe upande wa nje na lifungwe kufuli, maana komeo linaloning'inia mbwa hulisukuma kwa pua. Dirisha la jiko likatwe tundu la sentimita 15 kwa 15 ambalo paka anapita na Bosi hapiti, na kando ya ukuta wa uani pawe na rafu mbili tatu za mbao kuanzia mita moja na nusu kwenda juu. Bosi naye atembezwe kwa kamba nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mbwa aliyefungiwa saa 14 anatoka bandani kama risasi, na chochote kinachokimbia mbele yake ni mchezo.

Kumfundisha kunawezekana kiasi. Lengo ni aweze kumwona Pili nyuma ya wavu akabaki ametulia; urafiki usiutafute. Anzeni Pili akishapona kabisa. Bosi awe kwenye kamba ya mita 2, Pili ndani ya dirisha lenye nondo, kati yao mita 6 au zaidi. Akimtazama paka kisha akakugeukia, mpe kipande cha ini la kuchemsha chenye ukubwa wa harage. Dakika tano, mara mbili kwa siku, basi. Masikio yakisimama mbele, mdomo ukifumba, mwili ukiganda, mmesogea mno, rudini nyuma. Akikataa ini, vilevile mko karibu kupita kiasi. Sogezeni nusu mita tu baada ya siku tatu nne za utulivu. Mkipata kile kikapu cha kuvalisha mdomoni, kiwe kipana kiasi cha kuhema na kunywa maji, kwa sababu zile kamba zinazobana mdomo zinamzuia kutweta, na joto la Morogoro litamwangusha.

Fimbo alizochapwa Jumapili asubuhi hazikumfundisha kitu. Mbwa huunganisha kipigo na kile anachokifanya dakika ile, naye alikuwa anakuja alipoitwa. Mkirudia, ataacha kuja. Na jirani akiwashauri mumfunge mzoga shingoni, kama wanavyofanya kwa mbwa wanaokula kuku, mnyime sikio. Mtapata inzi na funza.

Mkwe wangu mwambie namwelewa, lakini hukumu yake imetangulia. Kama nyumba yenu inaweza kushika kanuni ya ufunguo kila usiku, hata usiku wa wageni, Bosi abaki. Kama unajua moyoni kwamba lango hubaki wazi, basi mtafutieni nyumba isiyo na paka, sungura wala kuku, na mpokeaji aambiwe ukweli wote. Kumuua kuje mwisho, akiwa na kichaa, au ameanza kuwang'ata watu, au hakuna wa kumpokea na hamwezi kumzuia. Na iwe kwa sindano ya daktari wa mifugo. Sumu kwenye nyama hapana. Atakufa kwa degedege, na mabaki yataokotwa na mbwa wa jirani au mtoto. Kumshusha usiku barabara ya Mikumi pia ni kumuua, ila kwa njia ndefu.

Ema mwambieni Kidawa amekufa. Mkisema amesafiri atamsubiri dirishani. Kama kadi ya Bosi ni nzima, mzikeni leo, shimo la mita moja, mawe juu, mbali na kisima, vaeni glavu. Kama kadi haipo, afisa mifugo auone mwili kwanza.

Na Tumaini, unaandika kwamba hali chakula tangu Jumapili. Ndiye aliyefunga dirisha, siyo? Alifunga kwa sababu mlimwambia mvua inakuja. Mwite, mwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo, na mwonyeshe kwamba ufunguo wa banda sasa unakaa kwa baba yake. Ukitoka kwa daktari nitumie majina ya dawa za Pili na picha ya kadi ya Bosi. Paka mwingine msichukue kwa sasa.

Mama yako