Maswali ya Wasomaji: Baridi Kali Hustahili Makala Lini?

SWALI: Niko Minnesota, Marekani, na huwa naandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Makala yangu kuhusu wimbi la baridi la majira haya imewekewa alama ya kufutwa. Mhariri mwenzangu anasema hiyo ni habari ya gazeti, si ya kamusi elezo. Baridi iwe kali kiasi gani ndipo ikubalike? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hakuna kiwango cha nyuzi joto kinachoamua. Tarehe 31 Januari 2019, kijiji cha Cotton katika jimbo lako la Minnesota kilipima nyuzi 49 za Selsiasi chini ya sifuri. Tarehe 16 Februari 2021, Dallas huko Texas ilifika 19 tu chini ya sifuri. Mawimbi yote mawili yana makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza, lakini la pili, ambalo kwa mtu wa Minnesota ni baridi ya kawaida, ndilo lenye hoja nzito zaidi.

Sababu ni yale yaliyofuata. Mabomba na mitambo ya gesi iliganda, vituo vya kufua umeme vikazimika, na gridi ya Texas ikabaki dakika 4 na sekunde 37 tu kabla ya kuanguka yote. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikosa umeme. Makamishna wote watatu wa tume ya huduma za umma ya jimbo, inayosimamia umeme, walijiuzulu, Juni gavana akatia saini sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe dhidi ya baridi, na Novemba wasimamizi wa nishati wa shirikisho wakatoa ripoti nzima. Kumbuka pia kwamba ripoti ya Agosti 2011, baada ya baridi ya Februari mwaka huo, ilikuwa imeshapendekeza ukingaji huohuo. Baridi hiyo ya 2011, ambayo wengi walikwisha kuisahau, ikapata uzito mpya miaka kumi baadaye.

Basi fanya hivi. Hamishia rasimu kwenye ukurasa wako wa mazoezi, kisha gawa vyanzo mafungu mawili: vilivyoandikwa baridi ikiwa bado inauma, na vilivyoandikwa angalau miezi mitatu baada yake. Hiyo miezi mitatu ni kipimo chetu, si kanuni ya Wikipedia, ila huchuja vizuri. Fungu la pili likiwa tupu, huna makala bado. Likiwa na ripoti ya uchunguzi, utafiti wa kitaaluma au sheria iliyozaliwa na tukio hilo, unayo.

Unapohesabu, jihadhari na mambo mawili. Magazeti ishirini yaliyochapisha taarifa ileile ya Reuters au AP ni chanzo kimoja. Na takwimu za idara ya hali ya hewa huthibitisha kwamba baridi ilitokea; hazithibitishi kwamba kuna aliyeona inafaa kuandikwa kwa kina.

Halafu kuna lile neno "rekodi", ambalo ndilo hupotosha wengi. Uliza ni rekodi ya nini. Kituo cha hali ya hewa chenye kumbukumbu za miaka 100 kina rekodi 365 za baridi, moja kwa kila tarehe. Hata kama hali ya hewa haibadiliki kabisa, kila tarehe ina nafasi moja kati ya mia ya kuvunjwa mwaka huu, yaani kituo kimoja kinatarajiwa kuvunja rekodi tatu au nne kwa mwaka bila ajabu yoyote. Zidisha kwa mamia ya vituo. Rekodi ya tarehe, kwa hiyo, usiijengee hoja. Rekodi ya jimbo ni jambo lingine: nyuzi 39 chini ya sifuri za Mount Carroll, Illinois, siku ileile ya Cotton, zilikubaliwa baada ya kamati maalumu kuchunguza kipimo chenyewe.

Usichanganye pia joto la hewa na baridi inayohisiwa kwa sababu ya upepo. Chicago tarehe 30 Januari 2019 ilikuwa 31 chini ya sifuri hewani, na karibu 47 ukiongeza upepo. Vichwa vya habari hupenda ile kubwa. Wewe andika ya kwanza, na ya pili uiite jina lake. Kagua kama gazeti limetumia Farenhaiti: vipimo hivyo viwili hulingana kwenye 40 chini ya sifuri pekee.

Idadi ya vifo iandike pamoja na tarehe na aliyehesabu. Idara ya afya ya Texas ilitaja vifo 57 katikati ya Machi 2021, ikafika 111 kabla mwezi haujaisha, na ripoti yake ya mwisho ikasema 246. Aliyeiacha ile 57 bila tarehe aliacha kosa.

Kuhusu jina, dhoruba ile ya Texas ya 2021 wengi huiita "Uri", jina lililotolewa na kituo cha televisheni cha The Weather Channel, kilichoanza kuzipa dhoruba za theluji majina mwaka 2012. Idara ya hali ya hewa ya Marekani haiyatumii. Kichwa kiwe na mahali, mwezi na mwaka. "Uri" lifanye elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala yenyewe.

Na ile alama usiiondoe mwenyewe. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, weka vyanzo vyako bora vya fungu la pili. Kama huna, pendekeza maandishi yahamie kwenye makala ya majira yote ya baridi ya mwaka huo kama sehemu ya aya mbili tatu, na kichwa chako kibaki elekezo. Kwa njia hiyo historia ya uhariri haipotei, na ripoti zikitoka mwakani utaifufua kwa urahisi.

SWALI: Je, baridi ya Julai ya Njombe au Limuru? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kipupwe huja kila mwaka, na utabiri wa Juni hadi Agosti wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni tangazo la kawaida. Mahali pake ni sehemu ya tabianchi katika makala ya Njombe. Mwaka ambao sakitu imeunguza chai au viazi, tafuta ripoti za kilimo zilizotoka baada ya msimu: eneo lililoathirika, tani zilizopotea, fidia. Zikipatikana, tuzungumze tena.

SWALI: Kama Kiingereza kinayo makala, si inatosha nikitafsiri?

JIBU: Haitoshi. Kila Wikipedia ina jumuiya na vigezo vyake. Fungua kila chanzo mwenyewe, kwani viungo vya habari za zamani hufa, na katika muhtasari wa uhariri taja makala uliyotafsiri pamoja na kiungo chake. Leseni inadai hivyo.